Chuma, Moto na Rangi Inayovimba

Watu wengi hudhani ya kuwa kitu kisichowaka hakidhuriwi na moto. Mti huwaka, nyasi za paa huwaka, nguo na karatasi huwaka. Lakini chuma hakiwaki, na kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwa chuma huhesabiwa kuwa salama. Dhana hii ni ya zamani, nayo imewadanganya watu wenye elimu kubwa pamoja na wasiojua kusoma. Imepoteza mali nyingi, na roho za watu pia. Katika insha hii nataka kueleza jinsi wanadamu walivyoiacha pole pole, na jinsi walivyopata hatimaye dawa ambayo kwa mara ya kwanza mtu husikia kama hadithi: rangi ipakwayo juu ya chuma kama rangi nyingine yoyote, ambayo siku ya moto huvimba ikawa blanketi.

Mtu mmoja hakudanganyika hata kidogo, naye ni mhunzi. Hapa Ukambani wahunzi walisifika tangu zamani kwa ncha za mishale na kwa mikufu myembamba ya mapambo. Mhunzi alikiweka chuma katika makaa, mtu wake akavuta mivukuto, akangoja mpaka kikawa chekundu, kisha akakitoa na kukipiga nyundo akakigeuza apendavyo. Hakungoja kiyeyuke, wala hakuwa na haja ya kukiyeyusha. Chuma huyeyuka kikifika joto la digrii 1,500 hivi za Selsiasi. Mhunzi alifanya kazi yake yote chini sana ya hapo. Alijua kwa mikono yake jambo ambalo wajenzi wa miji mikubwa walikuja kulijua kwa hasara: chuma hulegea zamani kabla ya kuyeyuka.

Wataalamu wa siku hizi wamelipima jambo hilo. Chuma cha pua cha kujengea, kikipashwa joto mpaka digrii 400, bado kina nguvu zake karibu zote. Kikifika digrii 550 kimebaki na kama sehemu tatu katika tano za nguvu zile. Kwenye digrii 600 kimepungua chini ya nusu, na kwenye digrii 700 kimebaki na robo tu, au chini ya robo. Sasa angalia moto wenyewe. Chumba chenye meza, vitabu, magodoro na mapazia kikishika moto sawasawa, joto lake laweza kupita digrii 800 katika muda wa nusu saa. Basi boriti ya chuma iliyo wazi juu ya chumba kile, yenye kubeba sakafu ya ghorofa ya pili na watu walio juu yake, haihitaji kuyeyuka ili ianguke. Yatosha ilegee mpaka mzigo wake uishinde. Katika tanuri za majaribio, boriti nyingi zisizokingwa hushindwa baada ya dakika 15 au 20 tu.

Tena chuma hakilegei tu, bali hurefuka. Mtu akitaka ushahidi na aende akatazame njia ya zamani ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. (Machakos, uliokuwa mji wa serikali kabla Nairobi haijakuwa mji, uliachwa kando na reli ile, na kwa kuachwa kando ukapoteza ukubwa wake, lakini hiyo ni insha nyingine.) Mafundi wa reli ya namna ile waliacha nafasi ndogo kati ya chuma na chuma, ili jua la Athi na la Taru lisizipinde reli zinaporefuka. Hilo ni jua tu. Boriti ya mita 10 ikiongezewa joto la digrii 500 hurefuka kiasi cha sentimita 6 au 7, nayo husukuma kuta zilizoishika. Watu wa zimamoto wamepata kuona kuta za mawe zikisukumwa nje na boriti za chuma ambazo zenyewe zilikuwa hazijaanguka.

Ilikuwaje, basi, hata watu wakakiamini chuma hivyo? Sababu ni kwamba walitoka katika miji ya miti. Katika karne ya 18 na ya 19 viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa na sakafu za mbao zilizolowa mafuta ya mashine, na viliteketea kimoja baada ya kingine. Wenye viwanda wakaanza kuweka nguzo na boriti za chuma cha kusubu mahali pa zile za miti, wakaviita viwanda hivyo kwa jina la majengo yasiyoungua. Kulinganisha na miti, walikuwa wamepiga hatua. Sifa ya chuma ikaenea ulimwenguni, hata pwani yetu ikafika: mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alipojenga Beit al-Ajaib mjini Unguja, baraza zake ndefu zilisimamishwa juu ya nguzo za chuma cha kusubu, na watu wakalistaajabia jumba lile. Lilisimama hata sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa uchakavu wala si kwa moto. Wajenzi wa Waswahili wa kale walikuwa wametegemea mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na lipu nene ya chokaa. Na lipu ile, ingawa iliwekwa kwa uzuri na kwa kuzuia mvua, ilikuwa kinga njema ya moto kuliko chuma kitupu. Neno hili tutalirudia.

Mji uliofundishwa kwa ukali kuliko mingine yote ni Chicago, katika Marekani. Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 moto ulianza katika mtaa wa nyumba za mbao, ukasukumwa na upepo wa kiangazi kikavu, ukaendelea mpaka tarehe 10. Watu wapatao 300 walikufa, majengo zaidi ya 17,000 yaliangamia, na watu 100,000 hivi wakakosa makao. Kwamba nyumba za mbao ziliungua halikuwa jambo la kushangaza. Lililowashangaza watu ni kwamba majengo ya fahari ya katikati ya mji, yenye nyuso na nguzo za chuma, yaliyouzwa kwa wenyewe kwa ahadi kwamba hayaungui, yalianguka pamoja na vibanda. Chuma cha kusubu kilipasuka, kikapindana, na mahali pengine kilitiririka. Ahadi ile ilikuwa kweli kwa maneno yake, maana chuma hakikuungua. Na haikumfaa mtu kitu.

Wenyeji wa Chicago hawakukitupa chuma. Walikivika nguo. Katika miaka iliyofuata mafundi wao walianza kuzizungushia nguzo na boriti vigae vya udongo wa kuchoma, vyenye uwazi ndani, ili joto lipite kwa shida. Mwaka 1885 mjenzi William Le Baron Jenney alimaliza mjini humo jengo la ghorofa kumi, ambalo uzito wake mwingi ulibebwa na kiunzi cha chuma badala ya kuta nene. Nalo huhesabiwa na wengi kuwa baba wa maghorofa marefu ya ulimwengu. Nadhani si bahati kwamba jengo lile lilisimama katika mji ulioungua. Maghorofa yasingaliwezekana bila chuma, na chuma kisingaliaminiwa tena bila vazi la kukikinga. Baada ya vigae likaja zege, na baada ya zege mbao za jasi, ambazo zina maji yaliyofungamana ndani yake na hutumia nguvu nyingi za moto kwa kuyageuza maji yale kuwa mvuke. Wazo ni lile lile la lipu ya chokaa ya Unguja na Lamu: weka kati ya moto na nguzo kitu kizito, kisichowaka, kisichopenda kupitisha joto.

Ubaya wa mavazi hayo ni uzito na upana wake. Nguzo iliyovikwa zege huwa nene mara mbili, na msingi wa jengo hubeba mzigo usio wa lazima. Kwa hiyo katika karne ya 20 watu walitafuta vazi jepesi, na kwa bahati mbaya wengi waliliona katika asbesto, ambayo iliweza kunyunyizwa juu ya chuma kwa mashine. Asbesto ilizuia moto vizuri, lakini nyuzi zake ziliingia katika mapafu ya wafanya kazi na kuwaletea maradhi yasiyopona, mengine yakichelewa kutokea kwa miaka 20, 30 au zaidi. Shule nyingi za Kenya zilipata kuezekwa kwa mabati yake, na wasomaji wengine wa kitabu hiki wameketi chini ya paa la namna hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu historia ya kukinga moto haikuwa ngazi ya kupanda tu. Katika kukwepa hatari moja watu waliikumbatia nyingine.

Rangi inayovimba ilikuja kwa njia ya mbali kidogo, nayo ilianzia katika kukinga nguo na miti, si chuma. Mfalme Louis XVIII wa Ufaransa alihangaishwa na moto wa majumba ya michezo, ambayo mapazia yake yaliangazwa kwa taa za ndimi wazi. Akamtaka mwanakemia Joseph Louis Gay-Lussac atafute dawa ya kutia katika vitambaa. Mwaka 1821 Gay-Lussac alitangaza kwamba chumvi za amonia na fosforasi, pamoja na buraksi, hukifanya kitambaa kisiwake kwa mwali bali kigeuke makaa tu. Hapo ndipo mbegu ya jambo zima ilipo. Kitu kikigeuka makaa upesi badala ya kutoa gesi za kuwaka, kinajitengenezea ngozi ya kujikinga. Mwaka 1938 mwanakemia wa Ujerumani Hans Tramm na wenzake watatu walipewa hataza huko Marekani kwa dawa ya kupaka miti, iliyotumia fosforasi na kufanya povu la makaa inapoungua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengine waliliendeleza wazo hilo, na katika nusu ya pili ya karne likahamishiwa kwenye chuma, likawa kazi kubwa ya viwanda.

Sasa tuone inavyofanya kazi, kwa maana hapa pana uzuri wa akili unaostahili kukaliwa kidogo. Mwanafunzi aliyepata kuunguza sukari katika kijiko ameona nusu ya siri. Sukari huyeyuka kwanza, kisha huwa hudhurungi, kisha hufura na kupanda, na mwisho huacha kitu cheusi, chepesi, chenye matundu kama sifongo. Rangi inayovimba hufanya vivyo hivyo, lakini kwa mpango. Ndani yake mna vitu vitatu vya maana. Cha kwanza ni chumvi ya amonia na fosforasi, ambayo ikipata joto la digrii 200 na kitu hutoa asidi. Cha pili ni kitu chenye kaboni nyingi, mfano wa sukari yetu, ambacho asidi ile hukinyang'anya maji yake na kukigeuza makaa. Cha tatu, ambacho mara nyingi ni melamini, huvunjika kwa joto na kutoa gesi zisizowaka, nazo hufanya kazi ifanywayo na hamira katika maandazi. Gundi inayovishika vitu hivi pamoja hulainika kwa wakati ule ule, ikawa kama donge la unga uliokandwa, na gesi zikainyanyua. Povu hilo likikauka huwa gamba jeusi lenye vyumba vidogo vidogo visivyohesabika. Rangi ya unene wa milimita 1 yaweza kuvimba hata ikafika sentimita 5.

Shida yote iko katika wakati. Gesi zikitoka kabla gundi haijalainika, zitapenya na kupotea, na hapatakuwa na povu. Zikichelewa mpaka makaa yakauke, zitalipasua gamba. Mpishi wa maandazi anajua haya: mafuta yakiwa baridi andazi hunywa mafuta likalala, na yakiwa moto kupita kiasi huungua nje likabaki bichi ndani. Wanakemia walitumia miaka mingi kuvilinganisha vitu vile vitatu ili kila kimoja kiamke kwa zamu yake.

Na kwa nini gamba la makaa, ambalo lenyewe ni masalio ya kitu kilichoungua, likinge chuma? Jibu li katika jiko la nyumbani. Zamani, na hata sasa katika nyumba nyingi za mashamba, mama aliyetaka kuhifadhi moto mpaka asubuhi aliyafukia makaa kwa majivu. Usiku kucha makaa yalibaki hai chini, na mtu aliweza kuweka kiganja chake karibu na majivu bila kuungua. Hewa iliyofungwa katika vijishimo vidogo haipitishi joto ila kwa shida sana. Kwenye jiko joto lilizuiwa lisitoke; kwenye boriti huzuiwa lisiingie. Ni mlango mmoja, umetazamwa kutoka pande mbili.

Yatupasa kusema waziwazi kwamba rangi hii haizimi moto, wala haikifanyi chuma kuwa kitu kingine. Joto bado hupita, ila hupita pole pole. Ndiyo sababu wauzaji wake hawaandiki kwamba inazuia moto, bali huandika dakika: 30, 60, 90, na mara nyingine 120. Hesabu hiyo hupatikana katika tanuri la majaribio, ambalo joto lake hupandishwa kwa kipimo kilichokubaliwa na mataifa mengi: kama digrii 840 baada ya nusu saa, na kama digrii 945 baada ya saa moja. Boriti iliyopakwa hutiwa humo, na mafundi hutazama saa mpaka chuma kifike joto la kulegea. Unene wa rangi hutegemea pia unene wa chuma chenyewe. Kijiti hushika moto upesi na gogo huchelewa. Hali kadhalika boriti nyembamba hupata joto upesi kuliko nguzo nene, na kwa hiyo huhitaji rangi nyingi zaidi. Watu wasiojua hufanya kinyume, wakapaka nguzo kubwa kwa wingi kwa sababu yaonekana kuwa na kazi kubwa.

Matukio mawili ya miaka ya karibu yanaonyesha thamani ya dakika hizo. La kwanza lilitokea London, mahali paitwapo Broadgate, tarehe 23 Juni 1990. Jengo la ghorofa 14 lilikuwa bado linajengwa, na sehemu kubwa ya chuma chake ilikuwa haijakingwa, wakati moto uliposhika vibanda vya mafundi humo ndani. Uliwaka kwa muda wa saa nne na nusu, na joto lake lilipita digrii 1,000. Nguzo kadhaa zilibanwa zikafupika kwa sentimita 10 hivi. Hata hivyo jengo halikuanguka. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba sehemu zilizolegea zilishikwa na zile zilizobaki baridi, kama vile mtu aliyezimia katikati ya umati asivyoanguka kwa kuwa amebanwa na wenzake. Tukio hilo liliwafanya wajenzi wa Uingereza wafanye majaribio makubwa kwa majengo mazima badala ya boriti moja moja. Basi mtu asiseme kwamba chuma kisichokingwa lazima kianguke. La haki kusema ni kwamba hakuna mtu mwenye busara awezaye kuweka roho za watu juu ya bahati ya namna ile.

La pili lajulikana na kila mtu. Tarehe 11 Septemba 2001 ndege mbili zilirushwa makusudi katika minara miwili ya New York. Chuma cha minara ile kilikuwa kimekingwa, si kwa rangi bali kwa dawa nene ya kunyunyiza. Lakini mgongano wa ndege uliibandua kinga hiyo katika ghorofa zilizopigwa, na moto ukakikuta chuma kitupu. Mnara mmoja ulianguka baada ya dakika 56 na mwingine baada ya dakika 102. Watu wapatao 2,750 walikufa mjini humo siku ile. Lakini katika minara mlikuwamo watu kama 17,000 ndege zilipopiga, na walio wengi sana, hasa waliokuwa chini ya ghorofa zilizopigwa, walishuka ngazi wakatoka wazima katika dakika zile. Mwanafunzi akiuliza kinga ya chuma yafaa nini ikiwa jengo mwishoni litaanguka, ajibiwe kwa hesabu hiyo.

Nasi hapa tuna habari yetu. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa katika miaka ya hali ya hatari, kwa jasho la wafungwa wengi waliotiwa kizuizini na serikali ya kikoloni, ukafunguliwa mwaka 1958. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 1978, na uwanja ukaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Lilikusudiwa kuhudumia abiria milioni 2.5 kwa mwaka. Kufika mwaka 2013 lilikuwa likipitisha zaidi ya milioni 6. Alfajiri ya tarehe 7 Agosti mwaka huo moto ulizuka upande wa abiria wanaoingia kutoka nchi za nje, na kabla ya kuzimwa uliiteketeza sehemu ile yote. Uchunguzi ulisema chanzo chake ni hitilafu ya umeme. Ndege zilielekezwa Mombasa na viwanja vingine, maua ya Naivasha yakakwama njiani, na kwa siku nyingi wageni walipokewa katika mahema, kisha katika ghorofa ya chini ya jengo la kuegeshea magari. Lakini hakuna mtu aliyekufa. Moto ulianza saa ambayo watu walikuwa wachache, nao walipata muda wa kutoka. Nchi ilipoteza jengo; hasara ya namna hiyo hulipwa kwa fedha.

Tangu hapo ujenzi wa chuma umezidi mbele ya macho yetu sisi wa Machakos kuliko wa sehemu nyingi za Kenya. Athi River na Mlolongo kumejaa viwanda na maghala yenye viunzi vya chuma, na chuma chenyewe hufuliwa huko huko. Kituo kikuu cha reli mpya, kilichofunguliwa mwaka 2017 chini ya jina la Nairobi, kimesimama Syokimau, katika kaunti yetu. Mtu akipita chini ya boriti kama hizo hawezi kujua kwa macho kama rangi aionayo ni ya kuvimba au ni ya mapambo, maana zikikauka hufanana. Hili ni udhaifu wa dawa hii. Lipu na vigae huonekana, rangi huaminiwa. Fundi mwenye haraka aweza kupaka nusu ya unene uliotakiwa, na hakuna atakayejua mpaka siku ya moto, isipokuwa mkaguzi aje na kifaa chake kidogo cha kupimia unene na akiweke juu ya boriti mahali pengi. Unyevu waweza kuiharibu, na gari la mizigo laweza kuikwangua. Mwenye ghala asiyejua naye aweza kupaka juu yake matabaka ya rangi ya kawaida mpaka ishindwe kufura.

Hata ikipakwa vema, rangi hutoa dakika tu, na dakika zina faida kwa mtu awezaye kuzitumia. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni moja la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, hapa Machakos, liliwashwa moto kwa petroli. Wavulana 67 walikufa. Jengo lile halikuwa ghorofa la chuma. Chuma kilichokuwapo ni kufuli ya mlango mmoja na nondo za madirishani, zilizowekwa ili wezi wasiingie. Na chuma hicho hakikulegea kwa wakati, kwa sababu moto wa petroli huua watu kwa moshi na mwali kabla ya nondo kuwa nyekundu. Wahunzi wa babu zetu wangaliweza kusema hivyo bila kipimo chochote.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama wa shule zote za Kenya. Mwongozo huo wataka milango ya bweni iwe mipana na ifunguke kwa nje, isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo.